Bukavu isingoje Kinshasa ili ijue ugonjwa wake

Mwezi wa tisa 2023, wagonjwa wenye vipele walianza kupokelewa katika hospitali ya Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu, territoire ya Mwenga, Kivu Kusini. Utafiti uliotolewa 2024 katika jarida la Nature Medicine ulihesabu watu 241 walioshukiwa kuwa na Mpox kufikia mwisho wa mwezi wa pili mwaka huo. Kati yao, 108 walithibitishwa na maabara. Ilikuwa aina mpya ya kirusi, ambayo sasa inaitwa clade Ib. Tarehe 14 mwezi wa nane 2024, OMS ilitangaza hali ya dharura ya kimataifa.

Ugonjwa ulianzia Kivu Kusini, lakini jina lake lilisomwa mbali. Hapo ndipo penye shida.

Kipimo cha PCR kinatumia vipande vifupi vya ADN vilivyotengenezwa na watu. Vipande hivyo vinatafuta sehemu moja ya ADN ya kirusi na kushikana nayo, kama ufunguo na kufuli. Kirusi cha Kamituga kilikuwa kimepoteza kipande cha herufi zaidi ya 1,000, na ndani yake mlikuwa na sehemu iliyotafutwa na kipimo cha kutambua clade I. Kufuli ikikosekana, ufunguo hauna kazi. Kipimo cha jumla cha Mpox bado kiliuona ugonjwa, lakini kile cha kutenganisha aina kilishindwa. Kusoma ADN yote ndiko kulikoeleza sababu.

Kazi hiyo ya kusoma haihitaji tena jumba kubwa. Kuna mashine ya nanopori, yaani tundu dogo sana ambamo umeme hafifu unapita. Uzi wa ADN ukipenya humo, umeme unabadilika, na kompyuta inatafsiri mabadiliko hayo kuwa herufi. Mashine ndogo ya aina hiyo ina uzito usiofika gramu 100. Mwaka 2015, watafiti waliibeba hadi Guinée wakati wa Ebola, na sampuli kadhaa zilisomwa kwa muda usiofika saa 24.

Elimu hiyo inaendelea mbele. Tangu 1991 kuna PNA, molekuli ya kutengenezwa inayofanana na ADN na kushikana nayo kwa nguvu zaidi. Watafiti wameonyesha kwamba PNA ikishikana na ADN, nanopori inaona mahali iliposhikana. Kesho vipimo vya magonjwa vinaweza kutoka huko. Je, wanafunzi wa Bukavu watavijifunza kwa mikono yao, ama watavisoma tu katika vitabu?

Wengine watasema: kwanza barabara, dawa na mishahara ya wauguzi. Ni kweli, mahitaji ni mengi. Lakini mwanzoni mwa 2025, vita vilipofika Goma kisha Bukavu, viwanja vya ndege vya Goma na Kavumu vilifungwa. Sampuli inayotegemea ndege ikakosa njia, na ugonjwa haukungoja ndege.

Kununua mashine peke yake hakutoshi. Inahitaji dawa za maabara zinazohifadhiwa kwenye baridi, umeme usiokatika kila jioni, na watu waliofundishwa na kulipwa. Bila hayo, itakuwa kifaa kingine cha msaada kinachofunikwa na vumbi.

Watu wa kuanzia nao wapo. Bukavu ina UOB, UCB na UEA, na kituo cha utafiti cha Lwiro kiko karibu, katika Kabare. Taasisi hizo zikishirikiana kwa maabara moja, badala ya kila moja kutafuta mfadhili wake, gharama itapungua. Wafadhili wanaochukua sampuli za Kivu nao waombwe kuacha ujuzi hapa.

Wakaaji wa Kamituga walitoa damu na usaha ili dunia ijue clade Ib. Wana haki majibu ya ugonjwa ujao yatoke karibu nao, na mapema.