KOMPYUTA: TUSIUZIWE MBUZI KWENYE GUNIA



Ndugu wanachama, wengi wenu mlikuwepo wiki iliyopita yule bwana wa kutoka mjini alipofika ofisini kwetu na kompyuta mpya ndani ya boksi. Alitaka kila mzazi mwenye mtoto wa sekondari atie sahihi, achukue mashine sasa hivi, na fedha zikatwe kwenye kahawa: shilingi 450,000 malipo ya awali na 450,000 malipo ya pili. Jumla 900,000. Watu wakapiga makofi. Mimi nilinyamaza, maana nilikuwa nasoma maandishi madogo ubavuni mwa boksi, na maandishi yale nayajua. Yalishanitia hasara.

Mwaka 2021 nilimnunulia binti yangu kompyuta mpakato mpya kwenye duka moja la mjini. Nyembamba, inang'aa. Boksi liliandikwa Intel Celeron, 4 GB, 64 GB eMMC. Nikasema moyoni, 64 si haba! Kumbe hiyo 64 ndiyo ghala lote la mashine, na Windows peke yake inakula sehemu kubwa ya ghala hilo kabla mtoto hajaandika hata barua moja. Kila ilipojiongezea matoleo mapya, nafasi ikazidi kupungua. Kabla mwaka haujaisha ikawa ukiiwasha asubuhi unaweza kwenda kukamua ng'ombe, ukarudi ukaikuta bado inazungusha kaduara. Nikaipeleka kwa fundi aongeze nafasi. Akaifungua, akanionyesha: ghala limechomelewa kwenye ubao, na ile kumbukumbu ya kazi, wanayoiita ramu, nayo imechomelewa. Hapana pa kuongeza. Nikamlipa fedha ya kufungua na kufunga, nikarudi nayo nyumbani.

Sasa hiyo ya wiki iliyopita imeandikwa vilevile, 4 na 64. Jamani, hicho ndicho kipimo cha chini kabisa wanachokitaja Microsoft wenyewe kwa Windows 11. Yaani mashine inatoka kwenye boksi tayari imefika ukingoni. Ni sawa na mtu anayevuna magunia kumi kujenga stoo ya magunia kumi. Mwakani je?

Sipingi kompyuta, nieleweke. Watoto wanaihitaji. Ninachosema ni kwamba mwenye fedha kidogo atafute mashine iliyotumika lakini iliyotengenezwa vizuri, asikimbilie mpya iliyo dhaifu. Maofisi makubwa ya Ulaya na Marekani hubadilisha kompyuta zao baada ya miaka michache, hata kama bado ni nzima. Nyingi husafishwa na kuuzwa tena, na huku kwetu zinapatikana Kariakoo na miji mingine. Tafuta zile za kazi za ofisi: ThinkPad za Lenovo, Latitude za Dell, EliteBook za HP. Kwa sura hazivutii. ThinkPad T480 ya mwaka 2018 ni nyeusi tii, nene kama daftari la mahudhurio. Lakini ina nafasi mbili za ramu, ghala lake linatoka kwa bisibisi, na betri ya nyuma unaichomoa kwa mkono. Kikifa kitu unabadilisha kitu hicho, hutupi mashine nzima. Juzi nimewapigia mafundi wawili mjini. Yenye ramu ya 8 GB na ghala la 256 GB wanataja laki sita mpaka laki saba. Ongeza betri mpya, bado hujafika 900,000.

Uulize pia kama ghala ni SSD, yaani lisilo na kisahani kinachozunguka. Hilo ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mashine ya zamani iliyokuwa inakokota miguu, ukiitolea kisahani na kuitia SSD, utadhani si ileile.

Lakini huku kwenye mtumba nako kuna mtego. Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa bure tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa masharti yake inazikubali kompyuta za Intel kuanzia kizazi cha nane, zile zilizoanza kutoka mwaka 2017. Basi wapo wauzaji wanaokumbia tu "hii ni i5, kaka" wakaishia hapo. Hajakwambia kitu huyo! i5 zipo tangu mwaka 2009. Mwambie akuonyeshe namba nzima, uangalie baada ya kistari: i5-6300U ni kizazi cha sita, i5-8350U ni cha nane, i5-10210U ni cha kumi. Mwenye kizazi cha sita naye asiitupe. Aiwekee Linux Mint, ni ya bure, na LibreOffice ya kuandikia na kupigia mahesabu, nayo ni bure. Ile ya binti yangu ndivyo nilivyoifanya hatimaye. Haikimbii, ila barua za kitongoji zinatoka humo.

Mzee wetu mmoja wa kamati anasema ya mezani ni nafuu zaidi. Ni kweli, kwa bei ya kununua. Lakini umeme wetu mnaujua. Ya mezani ukikatika tu nayo imezima, na kazi ya mtoto imepotea. Mpakato inaendelea na betri yake. Tena kwa kazi ndogondogo mpakato inakula wati 20 au 30 hivi, wakati ya mezani ya zamani pamoja na kioo chake yaweza kufika 100. Kwa saa tano hiyo ni nusu uniti kila siku.

Usinunue kwa picha ya simu, wala usitangulize fedha kwa mtu hujaiona mashine. Nenda, kaa nayo. Chomoa chaja, uitumie nusu saa uone betri inashuka kiasi gani. Bonyeza kila herufi, ingiza flashi kila tundu. Ikikuuliza neno la siri kabla hata Windows haijaonekana, na muuzaji halijui, rudisha, hata akupunguzie vipi. Hapo ndipo ilipo faida ya mpya, sikatai: inakuja na dhamana. Ya mtumba nayo udai risiti na dhamana ya maandishi, hata ya miezi mitatu.

Na bando? Si lazima kila siku. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ya vitabu vya kiada. Programu ya Kiwix inakuwezesha kupakua Wikipedia mara moja na kuisoma bila intaneti. Ile ya Kiswahili inaenea kwenye flashi ya kawaida.

Wazee mtakumbuka mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mashine za Hazina kuvuruga hesabu. Vijana wakisikia wanacheka. Mimi sicheki sana. Ilinunuliwa mashine ya ghali kabla hawajapatikana watu wa kutosha wa kuimudu, na sisi tunataka kutia sahihi kahawa ambayo bado iko mtini.

Kwa hiyo Jumamosi nitaomba mambo mawili. Kwanza, karatasi za yule bwana zisisainiwe mpaka atueleze kwa maandishi kwa nini mashine ambayo madukani mjini nimeikuta kwa 700,000 sisi tulipe 900,000, na ikiharibika ataifuata nani na wapi. Pili, wazazi wanaotaka kununua tujiandikishe kwa Katibu, tuchange nauli, tuwatume watu wawili pamoja na fundi tunayemwamini, wakanunue za pamoja. Ukienda na oda ya mashine kumi na tano, bei utapunguziwa.

Anayetaka kuiona ile ya 4 na 64 kwa macho yake kabla ya mkutano, aje kwangu jioni yoyote baada ya saa kumi na mbili. Aje na subira, maana inachukua muda kuwaka.

Mwanachama, kitongoji cha juu