Kabla Umcheke Consolata

Dada yangu alipojifungua binti, shosho aliomba kitu kimoja tu: mtoto aitwe Consolata, jina lake. Tulicheka. Eti jina la kishamba! Dada akachagua Bianca kwa sababu linasikika la Kiitaliano, la watu wa maana.

Sasa cheki. Bianca kwa Kiitaliano ni "nyeupe". Ni hivyo tu. Na Consolata? Hilo pia ni la Kiitaliano, maana yake "aliyefarijiwa". Ndivyo Bikira Maria anavyoitwa mjini Turin, na wamisionari waliotoka huko walifika nalo Kenya mwaka wa 1902. Yaani tuliikimbia Italia tukienda kuitafuta Italia!

Tena usidhani kila jina tamu lina asili tamu. Claudia linatokana na neno la Kilatini la mtu anayechechemea. Cecilia, kipofu. Giulia nalo lilikuwa la ukoo tu: kule Roma ya kale, dada wawili wa Julius Caesar waliitwa Julia, na bintiye pia Julia. Msichana hakuwa na jina lake mwenyewe.

Sikuambii umwite mwanao Consolata. Mwite upendavyo. Lakini kabla ucheke jina la mtu, uliza kwanza linasema nini. Shosho alizika wanawe wawili kabla mamangu azaliwe. Yeye maana ya jina lake anaijua vizuri. Sisi ndio hatukuwahi kumuuliza.