Maigizo yasigeuke kejeli darasani

Baadhi ya walimu wa shule za msingi katika jimbo la New York, Marekani, hutumia maigizo kufundisha historia ya watu wa Iroquois, ambao hujiita Haudenosaunee. Mbinu hii ni bora, kwani mtoto hukumbuka alichokitenda kuliko alichoambiwa. Lakini je, huigiza nini?

Watoto wakivikwa manyoya ya karatasi na kupiga mayowe, hiyo si historia bali ni kejeli. Hata vinyago vya tiba vya watu hao ni vitakatifu. Mwaka wa 1995 Baraza lao Kuu lilipinga kuuzwa na kuonyeshwa kwa vinyago hivyo.

Kinachofaa kuigizwa ni mashauriano. Darasa ligawanywe katika mataifa matano ya awali: Mohawk, Oneida, Onondaga, Cayuga na Seneca. Wawepo akina mama wa koo, wenye uwezo wa kumteua chifu na kumvua madaraka. Kisha suala moja lijadiliwe hadi wote waafikiane, pasipo kura. Hapo watoto watatambua jinsi amani inavyodai subira.

Aidha, yale ya 1779, jeshi la George Washington lilipoteketeza vijiji na mashamba yao, yasimuliwe bila kufichwa, ila yasiigizwe. Wala mwalimu asiwazungumzie kana kwamba wametoweka. Wangalipo, na huenda mjukuu wao ameketi dawati la mbele. Mwenye kovu usidhani kapoa.