TELEFONE INAJUA NJIA, NA SISI JE?



Katika kalasi yetu kuna mabishano tangu mwalimu wa jografia alipotuagiza kuchora karte ya Lubumbashi kwa mkono, na vipimo vyake na alama ya kaskazini. Wengi walinung'unika. Walisema: "Karte ya karatasi ni mambo ya bankambo. Sasa GPS iko mu telefone, inatosha." Tena mmoja akaongeza kama kaka yake anakaa Bruxelles na hajanunua plan ya karatasi hata siku moja. Mimi niko upande wa mwalimu, lakini si kwa kuchukia telefone.

GPS ni kazi kubwa, tusiidharau. Ilianzishwa na Wamarekani kwa ajili ya askari wao, na setilaiti ya kwanza ilirushwa mwaka 1978. Hizo setilaiti zinazunguka juu yetu kwa urefu wa kilometa 20.200 hivi. Kila moja inatangaza saa yake na mahali ilipo, na telefone yako ikisikia nne, inafanya hesabu na kujua pale unaposimama. Mpaka mwaka 2000 serikali ya Marekani ilikuwa inachafua kwa kusudi matangazo ya raia, ili mtu asiye askari akosee hata meta 100. Mwezi wa Mei wa mwaka ule wakaacha, na sasa kila mtu anapata bila kulipa.

Na hapa niseme neno moja kwa wale wanaolia kila siku kama GPS inakula mega. Haili kitu. Kinachokula mega ni picha ya karte inayoshuka toka intaneti. Ukiishusha mbele, pale network iko nzuri, utaweza kwenda hata katikati ya pori, ku njia ya Kasenga, bila inite hata moja, na telefone itakuonyesha unapopita. Paka batri njo itakusumbua, hasa siku umeme umekatika tangu asubuhi.

Basi shida iko wapi? Iko hapa: setilaiti haijui jina la kitu chochote. Inakuambia tu kama uko digrii 11 na dakika 40 kusini, digrii 27 na dakika 29 mashariki. Ni hesabu. Majina ya barabara yaliandikwa na watu, na wale watu wengi wao hawajafika kwetu. Andika "Kenya" mu telefone, uone kama haitakutafutia njia ya kwenda Nairobi! Kumbe wewe ulitaka kwenda soko la Kenya, nyuma ya Tunnel, kununua kapenta. Jina moja la avenue unaweza kulikuta katika komini mbili, na telefone inachagua ile inayoipenda. Manseba wa taksi-moto hawahangaiki na mambo hayo. Anasimama, anauliza mama anayeuzisha makala, na mama anamjibu: "Unaenda paka mbele, ukifika ku bureau ya komini unakata ku mukono ya kuume, utaona mwembe mukubwa, unauliza pale." Na anafika.

Karte ya karatasi nayo ina makosa yake, tusidanganyane. Comité Spécial du Katanga, iliyoundwa mwaka 1900, ilipima inchi hii kwanza kwa ajili ya shaba iliyo chini yake. Hawakutafuta nyumba ya nkambo yako. Tena karatasi haibadiliki pamoja na wakubwa. Ukifungua karte ya zamani utakuta Élisabethville, jina la mji wetu mpaka 1966. Ukifungua nyingine utakuta Shaba pahali pa Katanga, kama ilivyokuwa mpaka 1997. Na ile ya kabla ya 2015 haijui Haut-Katanga ni nini. Lakini karatasi ina jambo moja ambalo kioo kidogo cha telefone hakina: inakuonyesha mji mzima mara moja. Unaona kwa nini katikati ya mji barabara zimenyooka kama mistari ya daftari, kwani zilipimwa hivyo tangu mwanzo, mwaka 1910. Unaona njia ya reli inavyotenga mji na Kamalondo. Telefone inakuonyesha kona inayofuata tu, na ukifika, hujui ulipita wapi.

Kwa Ulaya, ndiyo, GPS inasaidia sana. Bruxelles ina komini 19, na barabara zina majina mawili, ya Kifaransa na ya Kiflamand: Ixelles, ambako Matonge ya Wakongo iko, ni ile ile Elsene. Mgeni asiyejua atafikiri ni miji miwili. Lakini huko huko Ubelgiji, mwaka 2013, magazeti yaliandika habari ya mama mmoja mzee aliyetaka kwenda kumpokea rafiki ku stasio ya Bruxelles, safari ya kilometa 150 isiyofika. Akafuata GPS yake. Akapita Ujerumani, akalala ndani ya gari, akaenda tu, mpaka akatokea Zagreb, katika inchi ya Kroatia! Telefone zetu hazijampeleka mtu Zagreb bado, lakini ninajua wanafunzi ambao wangekwenda. Na London, mtu hapewi ruhusa ya kuendesha taksi nyeusi mpaka ashike kichwani barabara kama 25.000. Wataalamu wa University College London waliwapima mwaka 2000, wakakuta sehemu moja ya bongo, ile ya kukumbuka mahali, ni kubwa kwao kupita kwa watu wengine.

Wala si Wazungu peke yao. Waluba wa hapa Katanga walikuwa na lukasa, kibao cha mti kinachoenea mkononi, na shanga juu yake. Mtu wa Mbudye aliyefundishwa alipitisha kidole, shanga kwa shanga, akaeleza safari za wafalme na mahali walipokaa. Kibao bila kichwa cha mtu kilikuwa mti tu. Ndivyo na telefone.

Sasa nifike ku jambo linaloniuma. Katika kartie yetu jirani mmoja alishikwa na ugonjwa usiku. Gari lilipatikana. Dereva akauliza kwa telefone: "Avenue gani? Namba gani? Karibu na nini?" Mtoto wa lupango, mwenye miaka 16, akajibu: "Nitakutumia mahali." Batri ikakufa. Gari likazunguka karibu saa nzima. Mgonjwa alipona, lakini mtoto yule alizaliwa ku avenue ile!

Kwa hiyo ninaomba kalasi zisikomee ku karte moja ya mwalimu. Kila kartie, wanafunzi wake wachore plan yao: barabara, namba za nyumba, bomba la maji, dispansere, duka la dawa linalofungua usiku. Kopi moja ikae ku bureau ya masomo. Wale wenye telefone nzuri watie majina yale katika OpenStreetMap, karte ambayo kila mtu duniani anaruhusiwa kuandika ndani yake tangu 2004. Wa Katuba na wa Ruashi ni wengi kati yetu, waanze wao. Plan ya kwanza itakayokuwa tayari, wakubwa wa gazeti hili wangeitia mu namba inayokuja, kama ukurasa unabaki.

Mwanafunzi wa kalasi ya tano