Goma: 88 kwa 7 ilihesabiwa, waliofungwa hawakuhesabiwa



Leo siongelei bei ya makala wala barabara iliyofungwa. Naongelea basketi ya shule. Najua kuna watakaosema: watu wanakosa unga, wewe unatuletea habari za mpira. Mnisikilize kwanza. Jambo hili linarudi kwenye swali ambalo kila mkimbizi wa ndani analijua: ni nani anayehesabiwa, na ni nani asiyehesabiwa?

Katika mashindano ya shule za sekondari hapa mjini, ekipe moja ya wasichana ilifungwa 88 kwa 7. Sitaji shule wala mtu, kwa sababu hawa ni watoto, na nia yangu si kuaibisha mtu. Nilikuwepo pembeni ya uwanja, nimekaa juu ya mawe ya lava kama wengine. Wasichana wengi wa ekipe hiyo ni watoto wa familia zilizokimbia. Siku ile walifika sita tu. Wengine walikuwa wamebaki kuwaangalia wadogo wao, maana mama alikuwa ameenda kutafuta. Wawili wakatolewa kwa makosa matano. Mchezo ukaisha wakiwa wanne uwanjani, na wenzao wakiendelea kuwabana toka chini ya kikapu hadi dakika ya mwisho, kama vile ushindi ulikuwa bado una shaka.

Mambo hayakuishia hapo. Wiki zilizofuata, wasichana wale walikuja wakiwa kumi wakashinda mechi mbili. Njia ya kufika nusu fainali ilikuwa bado wazi kwao. Ndipo zikaulizwa karatasi: buleteni ya mwaka uliopita, cheti cha kuzaliwa, karatasi ya kuhama shule. Wanne hawakuwa nazo. Ekipe nzima ikatolewa, na mechi zilizobaki zikapewa wapinzani wao kwa 20 kwa 0.

Sasa fuateni hesabu, kwa sababu ubaya umejificha ndani yake. Ekipe iliyofunga 88 ilibaki na tofauti yake ya pointi 81. Ekipe nyingine, ambayo ilipaswa kucheza na wasichana wale baadaye, ilipewa tofauti ya pointi 20 tu. Mwisho wa makundi ekipe hizo mbili zilikuwa na ushindi sawa. Wakubwa wa mashindano wakaangalia tofauti ya pointi za mechi zote, na ekipe ya 88 ikapita ikiwa mbele kwa pointi 34. Toa 81, weka 20 kama walivyopewa wengine: inabaki nyuma kwa pointi 27. Tena ile ekipe iliyoachwa ndiyo iliyokuwa imemfunga mwenzake walipokutana uso kwa uso.

Mimi nauliza wakubwa wa michezo swali moja. Wale wasichana walikuwa wanafunzi au hawakuwa? Kama walikuwa wanafunzi, basi 88 kwa 7 ni halali, na wao walipaswa kuendelea kucheza. Kama hawakuwa na haki ya kucheza, basi mechi ile nayo ni batili, ihesabiwe 20 kwa 0 kama nyingine. Haiwezekani mtoto awe mwanafunzi siku ya kufungwa, halafu asiwe mwanafunzi siku ya kushinda. Hiyo si sheria. Ni kumla ng'ombe mzima kisha kusema hakuwa ng'ombe.

Kuna anayejibu kwamba "hizo ni sheria za FIBA." Hapana, tusimsingizie mtu wa mbali. Katika sheria za FIBA, mshindi anapata pointi 2, aliyeshindwa uwanjani anapata 1, na aliyenyang'anywa mechi kwa kutofika au kukataa kucheza anapata 0, na mechi inaandikwa 20 kwa 0. Ekipe zikilingana, kitu cha kwanza kuangaliwa ni mechi walizocheza wao kwa wao: nani alimfunga nani. Bado wakilingana, inaangaliwa tofauti ya pointi katika mechi hizo hizo. Tofauti ya mechi zote za kundi inakuja nyuma kabisa. Kwa hiyo pointi 81 ulizomfunga mtoto asiye na wachezaji wa akiba hazipaswi kukupeleka nusu fainali mbele ya mtu aliyekushinda. Sisi tumechukua desturi ya mashindano mengi ya futboli, ya kujumlisha magoli yote, tukaiweka kwenye basketi. Na sheria ya namna hiyo inamfundisha kocha kitu kimoja: tafuta mnyonge, umkamue.

Ndiyo maana simlaumu sana kocha wa ekipe ile, na wachezaji wake siwalaumu kabisa. Mtoto akiambiwa kila kikapu kinahesabiwa, atafunga. Lawama ni ya aliyeandika sheria, au aliyekataa kuiandika mpaka siku ya ugomvi.

Hata Marekani, ambako basketi ya shule ina uwanja wa mbao na saa ya umeme, jambo hili limewachoma. Mwezi wa 1 mwaka 2009, huko Dallas, wasichana wa shule ya Covenant walifunga wenzao wa Dallas Academy 100 kwa 0. Dallas Academy ni shule ndogo inayopokea watoto wenye matatizo ya kujifunza. Shule iliyoshinda iliomba radhi yenyewe na kuomba ushindi wake ufutwe. Kocha alikataa kuomba radhi, akafukuzwa kazi. Mwaka 2015, huko California, Arroyo Valley waliwafunga Bloomington 161 kwa 2, na kocha akasimamishwa mechi mbili. Mwaka 2022, huko Connecticut, Sacred Heart Academy waliwafunga Lyman Hall 92 kwa 4. Shule ikaomba radhi na kocha akasimamishwa mechi moja.

Lakini mimi naona kumwadhibu kocha baada ya maji kumwagika hakutoshi. Jambo lenye akili zaidi ni lile ambalo majimbo mengi ya huko yameandika kabla: tofauti ikifika kiasi fulani, saa haisimami tena. Mpira ukitoka nje, saa inatembea. Makosa yakiitwa, saa inatembea. Mchezo unaisha upesi, hakuna aliyeambiwa acha kucheza, na hakuna aliyetukanwa kwa kuonewa huruma. Sheria ya namna hiyo haihitaji umeme wala pesa. Inahitaji mwamuzi mwenye saa ya mkononi.

Kuhusu karatasi, hapo ndipo moyo unauma zaidi. Ni nani katika mji huu asiyejua jinsi karatasi inavyopotea? Tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka 2002 lava ya Nyiragongo iliingia mpaka katikati ya Goma. Tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021 mlima ulilipuka tena. Mwezi wa 2 mwaka 2025 kambi za pembeni ya mji, Bulengo, Lushagala, Kanyaruchinya na nyingine, zilivunjwa na watu wakatawanyika. Mtu anayekimbia usiku anabeba mtoto, sufuria na godoro kama anaweza. Habebi buleteni ya mwaka wa tatu. Na shule iliyoiandika buleteni hiyo, wakati mwingine haina tena dirisha wala kitabu cha majina, na prefe wake naye ni mkimbizi mahali pengine.

Kumwambia mtoto huyo "rudi ulikotoka ulete karatasi" ni kumwambia asicheze, ila kwa maneno ya ofisi.

Wamarekani wana sheria inayoitwa McKinney-Vento, ya mwaka 1987. Inasema mtoto asiye na makao apokelewe shuleni mara moja, hata kama hana karatasi za shule ya zamani. Karatasi zitatafutwa baadaye, na kazi ya kuzitafuta ni ya shule. Tena kupokelewa huko si kukaa darasani tu, ni kushiriki kazi zote za shule. Na sisi Waafrika tuna Mkataba wa Kampala wa mwaka 2009 juu ya wakimbizi wa ndani, ambao unaongelea waziwazi wajibu wa kuwapa hati waliopoteza hati zao. Kwa hiyo wazo hili si ndoto ya mwandishi. Watu wameshalifikiria na kuliandika.

Nasikia pingamizi, na ni la kweli: "Tukifungua mlango, ekipe zitaleta watu wazima wenye ndevu na kusema ni wakimbizi waliopoteza vyeti." Ni kweli udanganyifu wa umri upo, tunaujua, na hatukuuona kwa wakimbizi peke yao. Mara nyingi anayeleta mtu mzima ndiye mwenye karatasi safi kuliko wote, kwa sababu karatasi inanunuliwa. Aliyekosa karatasi kwa kukimbia na aliyetengeneza karatasi kwa kudanganya si mtu mmoja. Tukiwapima kwa kipimo kimoja, tunamwacha mwizi na kumshika aliyeibiwa.

Pingamizi la pili: "Kupunguza makali kwa mnyonge ni kumdharau." Nakubali nusu. Mchezaji hapendi kuchezewa kama mtoto mdogo. Lakini saa inayotembea si dharau. Kuweka wachezaji wa akiba si dharau. Dharau ni kumtumia mwenzako kama ngazi ya kupandia, kisha kumwambia hakuwa na haki ya kusimama pale.

Basi naomba mambo manne, yaandikwe kabla ya kura ya makundi, yasomwe mbele ya shule zote:

Kwanza, ekipe zikilingana, iangaliwe mechi waliyocheza wao kwa wao kabla ya kitu kingine.

Pili, tofauti ikipita pointi 20, zinazozidi zisihesabiwe kwenye jedwali. Uwanjani funga hata 100, lakini kwenye jedwali ni 20, sawa na ekipe isiyofika. Hapo hakuna atakayepata faida kwa kukutana na mnyonge siku aliyokuja pungufu.

Tatu, kuanzia kipindi cha tatu tofauti ikifika 30, saa itembee.

Nne, karatasi zikaguliwe kabla ya mechi ya kwanza, si baada ya mtu kuanza kushinda. Na kwa mtoto wa familia iliyokimbia, ikubaliwe barua ya prefe wa shule anayosoma sasa, pamoja na ushahidi wa shefu wa nyumba kumi au wa kartiye na wa mzazi au mlezi. Mwenye shaka juu ya umri alete shaka yake siku hiyo, isikilizwe na watu watatu ambao shule zao hazimo katika kundi hilo. Aliyenyamaza siku hiyo, anyamaze mpaka mwisho.

Ninyi wazazi, msingoje msimu ufike. Nendeni sasa kwa shefu wa nyumba kumi mwandikiwe majina ya watoto. Karatasi yoyote uliyo nayo, karte yako ya uchaguzi, karte ya chanjo ya mtoto, ipige picha na uiweke kwenye simu ya ndugu unayemwamini. Na prefe, mpokee mtoto kwa kalamu: andika jina lake siku anapofika, si siku ya mashindano.

Mwisho, tukumbuke tunaongelea watoto wa namna gani. Bismack Biyombo wa Lubumbashi alichaguliwa wa 7 katika NBA mwaka 2011. Emmanuel Mudiay alizaliwa Kinshasa, familia yake ikakimbia vita na kuomba hifadhi Marekani. Alichaguliwa wa 7 mwaka 2015. Jonathan Kuminga alizaliwa hapa hapa Goma mwaka 2002. Alichaguliwa wa 7 mwaka 2021. Sisemi kila msichana wa ekipe ile atafika huko. Wengi hawataki hata kufika huko. Walitaka kucheza nusu fainali Jumamosi saa tisa, mbele ya mama zao.

Jumamosi hiyo niliwaona. Watano walikuja, wakakaa juu ya mawe yale yale, wakaangalia wengine wakicheza. Hakuna aliyewatoza kiingilio, na hakuna aliyewauliza karatasi. Kuangalia tu ndiko kuliruhusiwa.

Ni mimi mwandishi wenu wa mahali, Goma.