Maji Yasirudi Yalikotoka

Asimamaye Kisorya, penye kivuko cha kwenda Rugezi, Ukerewe, huliona Ziwa Victoria limetanda mbele yake. Hata hivyo, ukaribu wa maji si sababu ya maji kupanda kilimani. Sharti yavutwe na kusukumwa. Na pampu izimwapo, uzito wake huyarudisha ziwani.

Kazi ya kuyazuia ni ya valvu ya njia moja. Ndani yake mna kifuniko kinachofunguka maji yakienda mbele, na kujifunga yakitaka kurudi.

Valvu ya kwanza, yenye chujio, hufungwa mwisho wa bomba linalovuta maji ziwani, nayo huinuliwa isizoe mchanga. Ikikosekana, bomba hubaki tupu, na pampu huzunguka bila maji hadi ikaharibika. Tena pampu isiwekwe juu mno. Ziwa hili liko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na kani ya hewa imepungua. Hata pampu bora iliyo nchi kavu haiwezi kuvuta maji kupita mita 9 hivi. Fundi mwangalifu hapiti 6.

Ya pili hukaa baada ya pampu, kabla ya koki. Yenye kifuniko cha bawaba hulazwa. Ikisimamishwa, maji yawe yanapanda. Palipo na mpando mrefu, yafaa ile ya springi, kwani huwahi kujifunga. Bawaba ikichelewa, maji hurudi kwa kasi na kugonga kwa kishindo kiwezacho kupasua bomba.

Ya tatu ni ya nyumbani, bomba la mtaa liingiapo. Mgawo ukikatika, tangi linalojazwa kwa chini huweza kujimwaga lote mtaani. Hatari zaidi ni mpira uliozama katika beseni la nguo za mtoto: bomba huyafyonza maji yale machafu, na jirani akayanywa. Kuhara huanza hivyo. Basi, hata ukiwa na valvu, mdomo wa mpira usiguse maji ya beseni, kwani chembe moja ya mchanga yatosha kukizuia kifuniko kisifunge.

Ndugu msomaji, fundi ajapo, mwombe akuonyeshe mshale uliochorwa ubavuni mwa valvu. Uelekee maji yaendako. Ukielekea kinyume, hutapata hata tone.