Mjumbe Hauawi, Mbona Taa ya Breki Yauawa?

Najua wenzangu katika kurasa hizi watawaandikia kuhusu nidhamu, mapenzi ya utotoni na hofu ya mitihani. Mimi leo naomba nafasi nizungumzie kijitaa kimoja kinachokaa mbele ya dereva, kile kinachowaka pedi za breki zinapokaribia kwisha. Msicheke! Maoni yangu ni kwamba kijitaa hicho kinaonewa sana katika mji wetu wa Kakamega, na anayekionea anatuweka sisi abiria hatarini.

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Lakini likizo iliyopita nilikuwa nikikaa kwenye gereji moja ya jua kali hapa Amalemba, jina nalisitiri, nikaona mjumbe akiuawa mchana kweupe. Alikuja mzee mmoja na gari lake la Kijerumani, taa ya pedi imewaka. Fundi hata gurudumu hakufungua! Aliingia chini na koleo, akakata waya, akaunganisha ncha mbili, akazungushia tepu nyeusi, akatoka akijipangusa mikono.

"Mzee, sasa gari iko sawa. Hiyo taa ilikuwa inakusumbua bure."

Mzee akatoa shilingi mia mbili, akashukuru, akaenda zake. Taa ilizimika, ndiyo. Na pedi je? Hakuna aliyeziona, si fundi, si mzee, wala mimi niliyekuwa nimekodoa macho.

Ndugu msomaji, pedi ni kibati kilichobandikwa kitu kigumu cha kusuguana. Pedi mbili hulibana sahani la chuma linalozunguka pamoja na gurudumu, nalo huitwa diski. Pedi mpya huwa na unene wa milimita kumi hivi. Kila dereva anapokanyaga breki inalika kidogo kidogo, kama sabuni ya kuogea. Ikibaki milimita 3, fundi mwangalifu huitoa na kuweka nyingine. Ikiisha kabisa, kibati hukutana na diski, chuma kwa chuma, na hapo gharama si ya pedi tena bali ya diski pia, kama bado gari lenyewe ni zima.

Sasa, magari hayasemi lugha moja. Mercedes, BMW na wenzao wengi wa Ulaya wana waya mdogo uliofichwa ndani ya pedi. Pedi ikilika hadi kuufikia, waya hugusa diski au hukatika, kutegemea aina ya gari, na taa ikawaka. Waya uliolika haujirudi. Ukibadilisha pedi ukaacha waya wa zamani, taa haitazima hata ukeshe ukiomba. Hapo ndipo ujanja wa kuunganisha nyaya unapoanzia: mwenye gari hataki kununua waya mpya, fundi hataki kumpoteza mteja, basi wanakubaliana kuinyamazisha. Kuanzia siku hiyo gari lile ni bubu. Hata ukiliweka pedi nyembamba kama ukucha, halitasema neno.

Na hata waya ukiwa mzima, tusiuamini kupita kiasi. Magari mengi huwekewa waya kwenye gurudumu moja tu la mbele na moja la nyuma. Gurudumu lisilo na waya laweza kumaliza pedi zake kimyakimya, hasa ikiwa pistoni inayosukuma pedi imekwama kwa kutu.

Lakini sisi wengi hatupandi Mercedes, au siyo? Tunapanda Probox, tena tukibanana kama dagaa. Toyota nyingi za namna hiyo hazina waya huo. Zina kijiulimi cha bati ambacho pedi ikiisha hukwaruza diski na kupiga kelele, kiii! Mlio ule ndio taa ya mwenye Probox. Nimewasikia madereva wakiongeza sauti ya redio ili wasiusikie. Lo! Hiyo nayo ni dawa?

Kuna taa nyingine, ile nyekundu yenye duara na alama ya mshangao katikati. Hiyo haiangalii pedi moja kwa moja. Huwaka breki ya mkono ikiwa haijaachiliwa vizuri, na huwaka mafuta ya breki yakipungua kwenye kikopo chake. Waliosoma kanuni ya Pascal katika Fizikia watanielewa haraka. Pedi ikilika, pistoni husogea mbele kuifuata, na nafasi inayobaki nyuma yake hujazwa na mafuta. Kwa hivyo kikopo kinashuka hata kama hakuna tone lililovuja. Mwanzoni taa huwaka gari likikata kona au likiteremka mlima, kwa sababu mafuta yanayumba, kisha inazima. Dereva anasema, "Aa, imejitengeneza." Wapi! Baadaye inawaka moja kwa moja, anamwambia fundi aongeze mafuta, taa inazima, watu wanapeana mikono. Kumbe taa ilikuwa inasema pedi zimekwisha au mafuta yanavuja, na wote wawili wamejibu swali ambalo halikuulizwa. Kwangu mimi, huku kuongeza mafuta bila kuangalia ni kubaya kuliko kukata waya. Aliyekata waya anajua amefanya ujanja, lakini aliyeongeza mafuta analala usingizi akidhani ametibu.

(Tena siku pedi mpya zitakapowekwa na pistoni kurudishwa ndani, mafuta yale ya ziada yatafurika na kumwagika. Na mafuta ya breki hula rangi ya gari kama mchwa. Muulizeni yeyote aliyepatwa.)

Kinachotakiwa si uchawi wala kompyuta. Siku hizi wako mafundi wanaochomeka mashine ya kusoma hitilafu na kutoza pesa nzuri, lakini mashine haina macho ya kuona unene wa kila pedi. Piga jeki, weka mawe nyuma ya magurudumu, fungua gurudumu, angalia. Pedi ya ndani na ya nje, kulia na kushoto, kisha uchunguze kama kuna unyevu wa mafuta. Kama pedi ni nene na hakuna kuvuja, hapo ndipo usumbuke na waya. Ukianza na waya umeanza mkiani.

Wapo watakaonijibu kwamba maisha ni magumu, na mwenye Probox anatafuta unga tu. Nakubali. Lakini barabara ya kwenda Kisumu haijui habari ya unga. Ukishapita Kiboswa unateremka hadi Mamboleo, na gari lililojaa linamsukuma dereva mgongoni njia nzima. Wenye malori wa Salgaa walijulikana nchi nzima kwa kutoa gia mteremkoni ili waokoe dizeli, na wengi waliozikwa kwa ajili ya dizeli hiyo hawakuwa madereva. Pesa ya pedi ni hiyohiyo. Anayeiokoa ni mmoja, sisi kumi tuliobanana nyuma ndio tunaoiweka dhamana.

Mwaka 2004, waziri John Michuki alipozisimamia kanuni zake, abiria wa Kenya walijifunza kuuliza juu ya mkanda na kidhibiti mwendo. Kabla ya hapo, aliyeuliza aliitwa mshamba. Mbona basi tukisikia kiii! ya breki tunanyamaza? Nasema mwanafunzi ana haki ya kumwambia dereva, kwa heshima, "Mzee, pedi zako zinalia." Akikasirika, shuka. Utachelewa namba asubuhi, lakini mwalimu wa zamu hana kiboko cha kukutoa mtaroni.

Nao mafundi wetu nisiwaseme vibaya wote. Pale Sigalagala vijana wanafunzwa kazi hii vizuri, na hapa Amalemba wako wanaokutolea pedi ya zamani na kukuwekea mkononi uione kabla hawajataja bei. Hao ndio tuwapelekee kazi.

Ombi langu la mwisho ni kwa walimu wetu wenye magari, yale yanayolala chini ya mti karibu na ofisi. Siku gari litakapoenda gereji, mchukue wanafunzi wawili watatu wa Fizikia waone gurudumu likifunguliwa na wapime pedi wenyewe. Rula ninayo.